Sahani ya Mama Mkwe

Mtaa wa Gerezani, Jumapili, 1974

Nimeshinda, tena bila kupandisha sauti!

Tangu achinjwe yule mbuzi niliyemlisha maganda ya ndizi kwa mkono wangu, sigusi nyama, samli wala maziwa. Mama mkwe anasema namdharau. Leo alikuja na dada zake wawili, akanisogezea sahani ya nyama mbele yao.

"Kula. Alichohalalisha Mungu wewe unakikataa?"

Nilihofia Rajabu, mume wangu, ataniambia nimeze tu yaishe.

"Sijasema ni haramu, mama. Nilimwona yule mbuzi akiogopa kisu. Mimi ndiye siwezi."

Rajabu akaivuta ile sahani kwake.

"Mama, mke wangu hajakutukana. Onja alichopika."

Mama mkwe akaonja kunde zangu za nazi huku amenuna. Akaongeza. Akaongeza tena, mpaka nikasikia upawa unakwangua sufuria.

Rajabu mwenyewe bado anakula nyama, na sijui atanivumilia hadi lini. Lakini leo...

Mlangoni mama mkwe alisema bila kunitazama, "Ijumaa nakuja. Upike nyingi."

Nilisubiri wakate kona, nikacheka hadi machozi.