Sauti ya Nosim

Kikatiti, bwenini
4 Februari 2024

Dada yangu mpendwa Nashipae,

Shikamoo dada. Habari za Daraja Mbili, na habari za kifua chako? Wakati wa Krismasi ulikuwa unakohoa. Mimi ni mzima na ninakula vizuri, isipokuwa siku za maharage yenye wadudu. Matroni anasema hiyo ni nyama ya bure.

Jumamosi iliyopita alituwekea katuni yenu ya Mtoto wa Kreta bwaloni, kipindi cha mwisho cha msimu wa pili. Wengi tulikuwa tumeshakiona nyumbani, lakini bwalo zima lilinyamaza kama kanisani. Nosim anashuka ndani ya Mlima Meru kuirudisha mizimu iliyotoroka, majivu yanamfunika, skrini inakuwa nyeusi, halafu inakuja sauti yako: "Bado nipo." Basi, imeishia hapo. Mpaka leo hakuna anayetuambia kama msimu wa tatu upo.

Bweni limegawanyika. Pudensiana, anayelala kitanda cha juu yangu, anasema Nosim amekufa na ile sauti ni ya mzimu wake. Mimi nasema mzimu hauvuti pumzi. Kabla ya kusema "Bado nipo" Nosim anavuta pumzi fupi, kama mtu anayejiandaa kuinua ndoo ya maji. Pumzi hiyo naijua tangu ulipokuwa unafanya mazoezi jikoni kwetu Oldonyo Sambu, mimi nikikushikia karatasi na mama, Yeyo wetu, akilalamika kwamba unamtisha ndama.

Wasichana wanajua kwamba Nosim ni wewe. Nimewaahidi kuwa siku ya kutembelewa, mwezi ujao, utasimama bwaloni useme maneno yale kwa mdomo wako.

Jambo jingine. Tunamwandikia Bwana Navdeep wa studio yenu, kila mmoja barua yake. Mwalimu Gadiel wa Kiswahili anatusahihishia, maana anasema ombi lenye makosa humpa mtu sababu ya kukataa. Tunaomba msimu wa tatu, na Nosim awe na sauti ileile, vinginevyo tusiletewe kabisa. Sentensi hiyo ya mwisho niliitunga mimi, na wengi wameinakili.

Naomba unijibu mapema.

Mdogo wako,
Nalepo

*

Daraja Mbili, Arusha
25 Februari 2024

Mdogo wangu Nalepo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia unakula, hata kama ni nyama ya bure. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha. Hapa mvua zinatishia tu na vumbi bado lipo.

Machi sitaweza kuja, kuna mambo yamenibana. Yeyo atakuja. Nimemwambia akuletee loshoro ya mahindi na maziwa mgando, na maparachichi, usile yote siku moja.

Nalepo, usiwaahidi watu sauti yangu. Sikugombezi, nakuomba tu. Na hizo barua za Navdeep, mngezishikilia kwanza.

Hisabati inaendaje? Mwaka huu una mtihani wa taifa, hilo ndilo la kufikiria.

Dada yako,
Nashipae

*

Kikatiti, bwenini
17 Machi 2024

Dada yangu Nashipae,

Shikamoo. Natumaini yale mambo yaliyokubana yamekuachia kidogo. Mimi ni mzima wa mwili.

Yeyo alikuja na hotpoti ya loshoro, tukakaa kwenye nyasi nyuma ya bwalo. Nilimuuliza ng'ombe wanakamuliwa na nani siku hizi, akasema Lengai, yule jirani. Nikamuuliza kwa nini Lengai, wakati yeye yupo nyumbani. Akaanza kunifunga kamba za viatu, dada, kama vile nina miaka minne. Baadaye akaangalia jua akasema awahi, kwa sababu hujapikiwa uji. Wewe tangu lini unapikiwa uji?

Wasichana walisubiri mlangoni mpaka gari la mwisho likaondoka. Pudensiana akasema, "Kumbe dada yako ni kama Nosim kweli, haonekani ila kwenye televisheni." Walicheka. Na mimi nilicheka, ili isiwe mbaya zaidi.

Barua zilikuwa zimeshatumwa kabla yako haijafika. Samahani. Mwalimu Gadiel alizipeleka mwenyewe mjini ndani ya mfuko wa shule. Nilidhani ungefurahi kuona wasichana wengi hivi wanakutaka wewe na si mtu mwingine.

Je, umenikasirikia? Kama ni hivyo niambie, nitajua pa kuanzia.

Mdogo wako,
Nalepo

*

Kikatiti, bwenini
28 Aprili 2024

Dada Nashipae,

Shikamoo. U mzima? Huku mvua zimefika, ukungu hautoki mlimani na nguo hazikauki.

Sijapata barua yako. Juzi nilimwomba matroni akupigie kwa simu yake. Akapokea Yeyo. Nilisikia kuna mtu karibu naye, nikasema, "Mpe dada." Yeyo akasema umelala. Ilikuwa mchana, mwanzo wa mapumziko ya chai.

Kama kuna jambo, niambie lilivyo. Mimi si mtoto tena.

Nalepo

*

Daraja Mbili, Arusha
12 Mei 2024

Mdogo wangu Nalepo,

Marahaba, mdogo wangu. Siku ile sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa pembeni ya Yeyo nikikusikiliza.

Januari, uliporudi shule, nilifanyiwa upasuaji wa rovu. Ni ule uvimbe wa shingoni uliosema ni kunenepa. Mshipa unaoendesha sauti unapita jirani kabisa na pale wanapokata. Daktari alinieleza kabla, nikaelewa, nikatia sahihi. Hakuna aliyekosea. Nilipoamka nikataka kuomba maji, haikutoka kitu. Mpaka leo nina mnong'ono tu. Daktari anasema huenda sauti ikarudi mwaka huu, huenda isirudi. Kila asubuhi napuliza maji kwa mrija kama mtoto anayechezea soda, ndiyo mazoezi yenyewe. Yeyo amehamia kwangu tangu siku ile.

Utacheka: nikimnong'oneza muuza nyanya wa hapa mtaani, naye ananijibu kwa mnong'ono. Tunauziana nyanya kama wezi.

Sasa sikiliza jambo gumu. Navdeep anajua nina kikohozi tu. Machi alikuja na ule mfuko wenu. Akakaa kwenye stuli ya Yeyo, akazisoma barua kwa sauti huku akicheka, hasa ya Pudensiana anayetishia kutokula makande tena maishani. Kisha akafika pale penye "vinginevyo tusiletewe kabisa". Ipo karibu kwenye kila barua. Akaacha kucheka, akasema, "Umeona, Nashipae? Tutakungoja wewe. Bila wewe hatuanzi."

Nilikuwa nimejiandaa kumwandikia ukweli siku ile. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikatikisa kichwa kukubali.

Joyce na Lesian, wachoraji wetu, bado wanangoja. Derick mwenzao ameshaondoka, anachora vibao vya maduka. Waliobaki wanangoja kikohozi kipone.

Usimwambie mtu. Nitalimaliza mwenyewe nikipata nguvu.

Dada yako,
Nashipae

*

Kikatiti, bwenini
19 Mei 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Pole. Nimeandika pole mara nyingi kwenye karatasi nyingine nikaona haitoshi, nikaacha moja.

Sitamwambia mtu.

Kuna kitu kinanisumbua nami nakuambia wewe tu. Leo kanisani niliomba msimu wa tatu uje. Nikaomba sauti yako irudi. Nilipokaa ndipo nikaona nimeanza na kipi. Nilipiga magoti tena nikageuza, lakini nadhani Mungu alikuwa ameshasikia.

Ile sentensi ni yangu, dada. Nilidhani ninakulinda.

Likizo inakaribia. Nitakuja kukupikia uji.

Mdogo wako,
Nalepo

*

Kikatiti, bwenini
11 Agosti 2024

Dada yangu Nashipae,

Shikamoo. Vipi maji na mrija? Yeyo amezoea kelele za mjini, au bado anamlaani jogoo wa jirani?

Asante kwa likizo. Nilipofika mlangoni na wewe ukanisalimia, nilijibu kwa mnong'ono kama muuza nyanya wako, ukanirushia kitambaa. Lakini nililiona koti lako la studio limetundikwa nyuma ya mlango, na kila simu ya Navdeep ilipoita uliiacha inaita mpaka ikakata. Nilirudi shule na jambo hilo kichwani.

Kwa hiyo Ijumaa niliwakusanya wasichana bwenini. Niliwaambia tuandike barua nyingine, kuiondoa ile sentensi. Nosim arudi na sauti yoyote.

Pudensiana alikaa kitandani akanitazama. "Wewe ndiye mdogo mtu," akasema, "na wewe ndiye unayetaka abadilishwe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimekuahidi, kwa hiyo sikujibu. Mmoja wa kitanda cha dirishani akasema, "Anamwonea wivu dada yake. Anataka iwe yeye." Wakaguna wote. Tangu siku ile nikiingia bafuni wanaimba wimbo wa mwanzo wa katuni, halafu mmoja anauliza, "Sauti hii inafaa, au uletewe nyingine?"

Haidhuru. Itapita.

Waliotia sahihi ni wachache, wengine kwa kunionea huruma. Mwalimu Gadiel ameisoma, akasahihisha koma moja. Ninaiweka humu bila kuifunga. Inasema hivi: "Bwana Navdeep, tuliomba sauti ileile na tukasema vinginevyo tusiletewe. Tunaiondoa sentensi hiyo. Tunaomba Nosim arudi. Mtakayemchagua tutamsikiliza."

Sikuituma studio kwa sababu si haki yangu kuituma. Ukitaka, mpelekee. Usipotaka, iwashie jiko. Nami sitakuuliza tena jambo hili, hata likizo.

Mdogo wako anayekupenda,
Nalepo

*

Daraja Mbili, Arusha
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Nalepo,

Marahaba. Yeyo ni mzima, jogoo pia. Mimi nipo hivyohivyo. Daktari sasa anasema "tuendelee kuangalia", na uso wake unasema zaidi ya hapo.

Barua yenu ilikaa nyuma ya kopo la sukari. Kila nilipochota sukari niliiona. Wiki iliyopita nililivaa lile koti nikaenda nayo studio.

Navdeep aliisoma, akairudia. Akaniuliza, "Kwani wasichana hawa wamejua nini nisichokijua?" Nikamwambia. Ni mara ya kwanza amenisikia. Naye akanijibu kwa mnong'ono, kisha akashtuka, akakohoa, akaenda kusimama dirishani. Hakuwa na hasira. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa hiyo sikujua niweke wapi mikono yangu.

Aliporudi akasema msimu wa tatu una mizimu mingi, na mnong'ono wangu ungefaa sana. Alisema kwa wema. Nikamwambia, "Mimi si mzimu, Navdeep." Akainamisha kichwa akaomba radhi.

Wataanza. Joyce na Lesian wameitwa, na Derick anatafutwa. Wamempata msichana anaitwa Khatun. Sauti yake ni safi sana, kuliko yangu ilivyokuwa, ila anakimbiza maneno. Navdeep ameniomba nikae naye nimwelekeze. Sijamjibu. Nilirudi nyumbani nikalala bila kuvua koti, na Yeyo akanifunika khanga bila kuuliza. Sijui kama nitaweza kukaa chumba kimoja na mtu anayesema maneno yangu.

Wanaokuimbia bafuni, waache waimbe. Na asante. Sikuliandika neno hilo hapo juu kwa sababu nilijua nikianza nalo sitamaliza barua.

Dada yako,
Nashipae

*

Kikatiti, bwenini
9 Machi 2025

Dada yangu mpendwa Nashipae,

Shikamoo. Kidato cha tatu ni kigumu, fizikia hasa, lakini afya ni njema. Natumaini nawe u mzima, na kwamba Yeyo amewakuta ng'ombe wake salama huko nyumbani.

Likizo ya Krismasi hukuzungumza habari za studio, nami sikukuuliza, kwa sababu niliahidi. Ulikuwa ukitoka asubuhi na koti lako, nami nilijiambia labda unakwenda kliniki.

Jana matroni alituwekea kionjo cha msimu wa tatu. Kwanza ni majivu matupu, kwa muda mrefu mpaka mtu nyuma akasema televisheni imeharibika. Kisha mkono mdogo ukatoka kwenye majivu. Kisha Nosim akasema, "Bado nipo."

Haikuwa sauti yako. Bwalo zima liligeuka kunitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hii tangu Agosti, na bado iliniuma.

Lakini dada, kabla ya maneno yale alivuta pumzi. Ile fupi, ya kuinua ndoo. Hakuna mtu duniani anayevuta pumzi vile kabla ya kusema ila wewe. Khatun hakuipata kwenye karatasi, kwa sababu karatasi niliishika mimi na pumzi haikuandikwa humo.

Kwa hiyo sasa najua ulikuwa ukienda wapi na lile koti.

Pudensiana alinisogelea, hakuwa anatania. Akasema, "Huyu siye."

Nikamwambia, "Sikiliza vizuri ikirudiwa. Sikiliza kabla hajasema." Matroni akairudia. Pudensiana alipopanda kitandani kulala akaninyooshea chini nusu ya andazi lake.

Siku ya kutembelewa ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Njoo, dada. Wasichana watakujibu kwa mnong'ono, wote, watashindwa kujizuia, na utacheka. Lete maparachichi.

Sijamwahidi mtu kitu.

Mdogo wako,
Nalepo