Mvule wa Shangazi Mbeyu na Miche ya Kaya

Boga Nassir Dzombo,
Msambweni,
Kwale.

14 Agosti 2024

Kwa mpendwa na mheshimiwa shangazi yangu, Bi. Mbeyu binti Dzombo, Tanga.

Shikamoo, shangazi. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini waraka huu utakukuta katika afya njema, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa masika limetulia. Je, bintiyo Twaiba hajambo? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, na mihogo imeitika vyema mwaka huu.

Madhumuni ya waraka huu ni mawili: kukupa bishara njema, na kukuomba uamuzi juu ya mvule wako ulio kwenye fungu lako la shamba la urithi. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijaifikia hoja.

Bishara yenyewe ni hii: mivule imerudi katika kaya yetu, msitu ule mtakatifu wa wazee wetu. Wewe uliondoka huku wezi wa mbao wamekwisha kuimaliza mikubwa yote. Tangu hapo, kila mche tulioupanda ulikufa kwa ugonjwa wa vinundu. Mdudu mdogo mno hutaga mayai kwenye kilele cha mche. Majani huvimba vinundu mfano wa kunde, vinundu hupasuka na kuoza, na mche hufa kuanzia juu kwenda chini.

Nasi tuliuzidisha ugonjwa huo kwa mikono yetu wenyewe. Wajua kwamba kitu hakitolewi ndani ya kaya, hata ukuni mkavu. Basi akina mama wanaotunza kitalu cha miche, wakiongozwa na Bi. Kadzo, walipoyachuma machipukizi yenye vinundu, waliyaacha papo hapo, chini ya mche uleule. Wadudu waliokuwamo walitoka wakapanda tena juu. Tulipomaliza masika ya pili tulikuwa na vijiti vitupu.

Hapo nikaona ni wajibu wangu kuwasilisha ombi rasmi mbele ya wazee wa kaya. Nilisimama miguu mitupu, nimejifunga kaniki kama ada inavyotaka, nikalisoma ombi langu kuanzia utangulizi hadi hitimisho. Mzee Mangi, mkubwa wao, alinisikiliza kwa utulivu mkubwa.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza, mzee."

"Haya. Sasa tuambie unataka nini."

Wazee walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa na tambuu. Bi. Kadzo, aliyekuwa nyuma yangu, akalidaka neno: "Anataka tuyatoe yale machipukizi mabovu, tukayachome nje. Basi."

"Kaya haitoi kitu, Kadzo," akasema Mzee Mangi. "Wewe si mgeni hapa."

"Kitu cha kaya, baba. Hivyo vinundu ni vya kaya? Vilipokuja vilibisha hodi? Mbona mwizi mnamtoa?"

Wazee walijitenga wakashauriana kwa muda mrefu. Waliporudi walitupa ruhusa kwa masharti: machipukizi yachumwe kwa vidole, si kwa kisu, yatiwe ndani ya kikapu chenye kifuniko, na yachomwe kando ya barabara, mbali na miti.

Tulitekeleza kama tulivyoagizwa. Miche mipya tuliipanda mmoja mmoja, kila mmoja mbali na mwenzake, chini ya kivuli cha miti mingine. Mbegu zake zilitoka Tiwi, zilitoka Vanga, na nyingine zilitoka kwenye mvule wako. Shangazi, ya Tiwi na Vanga iliugua, na mingi ilikufa. Miche ya mvule wako ilipata vinundu vichache, ikavipona, ikatoa vilele vipya. Bwana misitu alikuja akaikagua, akatuambia kwamba mti uliozaa miche ya namna hiyo ni wa kutunzwa kama mboni ya jicho.

Leo miche hiyo imenipita kimo, na kimo changu wakijua. Mzee Mangi aliushika mmoja shina lake asitake kuuachia, akasema, "Nilidhani nitakufa sijauona tena." Akina mama walipiga vigelegele ndani ya kaya, mahali ambapo hata kukohoa twakohoa kwa adabu, na hakuna mzee aliyewakemea. Mimi mwenyewe nilipiga.

Sasa nalifikia ombi langu. Nimepata habari kwamba umekubaliana na Bwana Fondo, mpasua mbao, aukate mvule huo ili mjukuu wako Husna achongewe kitanda cha arusi yake ya mwezi wa Rajabu. Naijua heshima ya bibi kumpa mjukuu wake kitanda cha mvule; nawe ulipewa na bibi yako. Mti ni wako, na mimi sina fungu ndani yake. Lakini miche iliyomo kaya ni michanga, na itachukua miaka mingi kabla ya kuzaa. Mvule wako ukianguka, mbegu ya kuushinda ugonjwa huu hatuna tena, na kaya ingali tupu sehemu kubwa.

Badala yake ninatoa milango ya nyumba ya marehemu baba yangu, kaka yako. Ni mvule wa zamani, haujaguswa na mchwa. Fundi seremala ameipima na kuthibitisha kwamba inatosha kitanda kizima, pamoja na nguzo za chandarua. Nitaileta Tanga mimi mwenyewe.

Nisalimie Twaiba, na Husna umpe mkono wa heri. Bi. Kadzo amenisisitiza niandike maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie Bi. Mbeyu mti wake una wajukuu kumshinda yeye." Mwenyezi Mungu akuzidishie umri wenye afya, na aijaalie arusi hiyo iwe ya furaha na baraka.

Bwana Fondo atakuja na msumeno mara tu baada ya Maulidi. Naomba uamuzi wako kabla ya siku hiyo: mvule ubaki, au ukatwe?

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuheshimu,

Boga