Anayekaribisha Huonja Kwanza

Jumatatu, 14 Machi 1983

Kinywa kikavu, utadhani nimelamba majivu. Tangu asubuhi nakunywa maji, hayasaidii kitu. Uzi umenishinda kutia kwenye sindano — tundu naliona mawili, na mkono unacheza. Fundi cherehani gani huyu! Sketi ya mwalimu wa shule ya Mutuka iko pale pale kwenye mashine, imeshonwa upande mmoja.

Bwana Sadallah wa zahanati alishaniambia kwamba ni hivi vidonge. Amitriptilini, vya kutibu huzuni. Kinywa kitakauka, macho yatafifia, choo kitakuwa kigumu, usingizi utakuwa wa kuzimia. Vumilia, Mama Ombeni, mwili utazoea. Ila usije ukaviacha ghafla. Haya. Lakini yeye hatetemeki. Yeye kazi yake kuandika cheti na kusema vumilia.

Mimi nataka kitu kimoja tu: Ombeni arudi. Kile kitoto changu cha pili kilipozaliwa kikafa, nililala kitandani tangu mavuno mpaka kupanda, sisemi na mtu. Baba Ombeni akamchukua mtoto akampeleka kwa mama yake, Mbulu. Mpaka utulie, akasema. Sasa Pasaka mama mkwe anashuka naye. Ataniangalia. Akiona nimepona atamwacha, akiona bado atapanda naye tena. Baba Ombeni alinieleza hayo huku anafunga kamba za viatu, haniangalii usoni.

Kupona kwenyewe ndiyo huku? Natetemeka kama kuku aliyenyeshewa.

Alhamisi, 17 Machi

Hilaria jirani amekuja tena kuomba moto. Jana alikuja kuomba chumvi — nani ana chumvi mwaka huu? Akasimama mlangoni na Baba Ombeni, wakazungumza Kiiraqw. Wote wawili ni watu wa Mbulu. Mimi wa Rombo, sijui neno hata moja. Nilichosikia ni jina langu, liko katikati ya maneno. Nilipotokea wakanyamaza.

Nikauliza, mnasema nini? Baba Ombeni akajibu ni habari za mvua.

Tangu lini mvua ikaitwa Leonia!

Jumapili, 20 Machi

Aibu. Nimesinzia kanisani. Si kusinzia kidogo — nimekoroma! Kichwa kikamwangukia mama mmoja nisiyemjua, akanisukuma kwa kiwiko. Watoto wakacheka. Hilaria alikuwa kiti cha nyuma. Hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayeweka habari akiba.

Najua atakayepelekewa. Mama mkwe atasema, huyu analala mpaka misani, mtoto si atatumbukia jikoni?

Jumatano, 23 Machi

Zahanati. Vidonge vya njano vimekwisha. Bwana Sadallah amenipa vya kahawia. Dawa ni ile ile, anasema, imetoka kiwanda kingine, siku hizi tunapokea tunacholetewa. Nikamwuliza mbona harufu si ile? Akacheka. Kwa nini acheke?

Mwaka huu hata sabuni si sabuni, unafua nayo nguo inatoka chafu zaidi. Leo niamini kidonge?

Jioni Baba Ombeni alisimama na kikombe cha maji mpaka nimeze. Kama polisi. Nikakibana shavuni, nikanywa maji, nikamtolea ulimi. Akaridhika. Nimekwenda kukitema kwenye mahindi.

Jumatatu, 28 Machi

Nimetia uzi! Mara moja tu, ukaingia. Sketi ya mwalimu imekwisha. Mate yamerudi kinywani, wala sisinzii.

Tatizo ni kwamba silali kabisa. Moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa. Jasho. Tumbo linachafuka. Bwana Sadallah alisema usiache ghafla — lakini mbona imeanza siku ile ile Hilaria alipoleta maziwa? Nilionja kidogo, yakawa na uchachu nisioujua. Nikamwaga, paka akalamba yote. Paka ni mzima mpaka sasa. Labda ni ya polepole.

Redio tangu juzi ni walanguzi, walanguzi. Mgambo wanapekua nyumba hata huku Maisaka. Kwa jirani wa chini wamebeba sukari na godoro. Mimi ndani nina vitenge vya mteja na mkebe uliojaa vidonge ambavyo simezi. Watasema nini? Mke wa karani wa idara ya maji anaficha dawa za serikali! Na nani atakayewaonyesha mlango? Hilaria, aliyezoea kuja kuomba moto.

Vitenge nimemrudishia mwenyewe. Mkebe nimeutia kwenye debe, nikauzika nyuma ya choo. Baba Ombeni nimemwambia sasa nameza mwenyewe mchana, naye ameacha kusimama na kikombe.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Sijalala. Nimesugua sakafu, nimesugua sufuria, nimesugua hata mlango. Mvua inanyesha na kuacha. Kesho mwanangu! Mungu wangu, nisitetemeke mbele yao. Nikitetemeka amekwenda.

Jumamosi, 2 Aprili

Wamefika kwa lori, matope mpaka magotini. Nikapiga goti, shikamoo mama. Marahaba, Mama Ombeni. Amekonda, mzee huyu, amebaki shuka na macho tu.

Nikanyoosha mikono. Ombeni akajificha nyuma ya shuka la bibi yake. Akalia. Akamwita bibi yake mama.

Halafu anasema Kiiraqw tupu! Wamemfundisha lugha nisiyoijua, ili hata akitaka kuniambia kitu asiweze. Nikasema hivyo, kwa sauti. Baba Ombeni akasema, Leonia, mtoto huongea anachokisikia.

Chakula akapika mama mkwe. Nikala kijiko kimoja, nikasikia ladha ile ile ya uchachu. Nikatupa kijiko. Mnanilisha nini? Nimewakosea nini mpaka mnilishe hivi?

Mama mkwe akaendelea kumlisha mtoto. Mwisho akamwambia mwanawe, kwa Kiswahili, makusudi ili nisikie: Jumanne napanda naye.

Jumapili ya Pasaka, 3 Aprili

Wamekwenda kanisani, mimi wameniacha. Waliporudi, mvua ilikuwa imekokota udongo wote nyuma ya choo na debe linaonekana. Baba Ombeni akaliona alipokwenda haja.

Aliingia ndani na mkebe mkononi. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia la mahindi, akashika kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Mwanamume mzima, siku ya Pasaka! Nilimwonea huruma na nikamkasirikia, vyote kwa pamoja. Na bado kichwani kuna sauti inasema: anajifanya.

Mama mkwe akauliza hicho ni nini. Mwanawe akamwelezea kwa lugha yao. Maelezo marefu. Jina langu halikutajwa hata kidogo. Hilo nalo limenitia wasiwasi.

Jumatatu ya Pasaka, 4 Aprili

Naandika ili nisilale. Lazima niandike.

Baba Ombeni ametoka baada ya chakula kwenda kutafuta lori la kesho. Tumebaki mimi, mama mkwe na Ombeni. Mama mkwe akatandika mkeka karibu na jiko, akaniita. Kaa hapa. Nikakaa. Akaufungua mkebe mbele yangu.

Unaogopa nini, akaniuliza. Sikujificha. Nikamwambia naogopa kila kitu, mama. Naogopa chakula, naogopa vidonge, nakuogopa hata wewe.

Nilidhani atakasirika. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeulizwa habari za mvua. Akasema, kwetu anayekaribisha mtu huonja kwanza. Iwe pombe, iwe maziwa. Kwenu Rombo je? Nikasema ni hivyo hivyo, baba yangu hakuwahi kumpa mtu mbege kabla hajapiga funda yeye. Akasema, basi hawa watoto wa hospitali ndio hawana adabu. Wanampa mtu dawa, wao hawaonji! Mtu atawaaminije?

Akauliza, wewe unameza vingapi? Nikamwonyesha. Akachukua vile vile kama vyangu. Nikasema mama, hapana, hivi si vya mtu asiye na ugonjwa, tena ni vya kulalia! Nilimshika mkono. Nilichelewa. Alishavitupa kinywani na maji akashushia. Akapangusa midomo.

— Haya. Nimekufa?

Hajafa. Akanipa kikombe, kikombe kile kile alichonywea. Macho yake kwangu. Nikachukua vyangu. Maji yanamwagika kifuani. Nikameza. Nimemeza kweli, si shavuni.

Akaanza kuzungumza. Akasema naye amezika watoto wachanga, kule Mbulu, zamani. Wakamtenga. Kwao ni mwiko, aliyezika kichanga huhesabiwa mchafu. Hakula na watu, hakusalimiwa, akawa anatembelea njia yake peke yake. Hakuna aliyemwambia kuwa hali ile ni ugonjwa. Wewe wamekupa dawa, akasema, unaizika. Nikalia. Miezi yote hii nilidhani mtoto wamemchukua kwa sababu ya ule mwiko wao, kwamba nimechafuka. Nikamwuliza. Akasema, nilimchukua kwa sababu nilijua kulala vile, nilijua mtu akilala vile hamsikii mtoto akilia. Halafu akasema, yule wangu wa mwisho, ali...

Ulimi ukawa mzito. Akajilaza kwenye mkeka. Akalala.

Mwanzoni nilimfunika shuka. Baadaye ndipo akili ikanijia. Mama! Nikamtikisa. Akaguna, akageuka upande wa pili. Nikampaka maji usoni. Anakoroma. Mkono una joto, anapumua vizuri, nimeweka sikio kifuani mara nyingi. Lakini haamki.

Sasa Baba Ombeni akirudi ataona nini? Mkebe wazi, mama yake chini, na mimi hapa — mimi niliyekwisha kusema mbele yao wote kwamba wananilisha sumu! Nikimwambia ameonja mwenyewe, nani ataamini? Hata mimi nisingeamini. Ningesema huyu mwanamke amelipiza.

Nimewaza kuuzika mkebe tena. Nikafika nao mpaka mlangoni. Nikarudi nikauweka pale pale alipouacha mama.

Ombeni alikwenda moja kwa moja kwenye jiko. Chai inachemka! Nimemrukia. Nimemfunga mgongoni kwa kitenge, akapiga mateke, akalia mama, mama, ananyoosha mkono kwa bibi yake aliyelala. Kisha akachoka. Ameweka shavu mgongoni kwangu. Mzito! Jamani amekua. Nimesimama katikati ya nyumba nikilia kama mjinga, kwa furaha, na kwa woga.

Na sasa kinakuja. Nakijua. Kinywa kimeanza kukauka, kope zinashuka. Kwa siku nyingi mwili haujavionja, leo vitanibeba. Naandika nimesimama, daftari juu ya mashine, na herufi zinateleza. Nikikaa nimelala. Nikilala naye yuko mgongoni, moto uko pale, mzee yuko chini, mlango uko wazi.

Jiko nimelimwagia maji. Mlango — nikiufunga kwa ndani, nani ataingia kumtoa mtoto?

Baba Ombeni haonekani barabarani. Watu wa malori huzungushana mpaka jioni.

Yuko Hilaria. Namwona kwa dirisha, anaosha vyombo nje ya nyumba yake. Hilaria! Anayehesabu hatua zangu. Atajaza mtaa mzima, Leonia amemlaza mkwewe. Na yale maziwa. Na kunong'ona kule mlangoni.

Sasa nimwite nani? Paka?

Kichwa kimeanguka kwenye mashine, nimeamshwa na Ombeni akinivuta nywele. Basi. Basi.

Nimemwita. Nimepaza sauti dirishani mpaka imekatika: Hilaria, njoo unishikie mtoto, nimemeza dawa, mama naye amemeza, njoo haraka! Ameacha vyombo vyote kwenye matope. Nasikia kandambili zake mlangoni. Nafungua fundo la kitenge, halifunguki, vidole havishiki. Amesimama pale, anamwangalia mama mkwe pale chini, ananiangalia mimi. Ananiuliza nimempa nini mzee. Namgeuzia mgongo afungue fundo, kalamu inatele...