Kikilia, Usiseme Karibu

Mama, shikamoo. Uji uko kwenye chupa. Betri ya gari usiiguse!

Asubuhi kikompyuta nilichofunga kwenye kisanduku cha kutotolea mayai kililia mara tatu, joto lilikuwa limezidi. Ukadhani mtu anabisha hodi. Ukaitikia, "Karibu!" ukafungua mlango, hukuona mtu, ukang'oa waya. "Lukresia, chuoni mlifundishwa kufuga mapepo?" Mbele ya shangazi, Mama! Niliumia.

Umeme ukikatika kinasahau maagizo yote. Bahati nzuri ni mafupi, yako kichwani mwangu, nimeyaingiza upya na kukiunganisha na betri ya gari kisizimike tena. Sasa kitalia mara moja tu, mlio mrefu. ~~Kikilia, mwite shangazi.~~ Kikilia, funua kifuniko mayai yapoe.

Nimeshatoka nikarudi kusikiliza: vifaranga wanadonoa kwa ndani. Ningebaki, ila basi linapiga honi.

Mwanao,
Lukresia