Nilichelewa Kufunga Akaunti Yako

Mzee Langat,

Chamgei. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utasema nimekuwa mtu wa Nairobi.

Ni Jumapili, saa tisa mchana. Mvua ya mawe imetoka kuipiga chai sasa hivi, na mimi siwezi kukaa. Nimesimama mara nne tangu nianze kuandika. Nilichemsha chai nikaisahau, imepoa. Nimefungua ripoti, nikaifunga, nikaifungua tena. Kesho saa sita mchana lazima iwe kwa meneja na kwa ile ofisi ya serikali inayosimamia data za watu, maana sheria inatupa siku tatu na siku zenyewe zinakwisha hapo. Ripoti inakuhusu, Mzee. Nimeona nikuambie kabla hawajaisoma wao.

Kiti chako nilipewa mimi. Wiki ya pili baada ya kukuzika barua ilikuja: Akinyi, afisa wa usalama wa data, ofisi, kiwanda na zahanati. Nafanya kama ulivyonifundisha. Asubuhi kabla wengine hawajafika nasoma nani aliingia kwenye mfumo jana, saa ngapi, na alichukua nini. Halafu nazunguka meza kwa meza nikiinua kibodi na kubandua vikaratasi vya paswedi. Yule wa stoo bado anaandika yake kwenye kalenda ya ukutani. Nikimuuliza ananiambia, "Madam, hiyo ni ya kitambo," nami nikiijaribu inafungua. Watu wakiniona wanaficha flashi mfukoni kama watoto walioiba sukari. Uliniambia kazi hii haina rafiki. Hukuniambia inachosha hivi.

Sasa nikiri. Kanuni uliiandika wewe mwenyewe: mtu akiacha kazi au akifariki, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo. Mwaka huu nimefunga za watu watatu bila hata kufikiria. Yako sikuweza. Nilisema kesho, kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi miwili. Jina lako lilikuwa palepale kwenye orodha, kati ya Koech na Mutai, na nilipenda kulikuta hapo kila asubuhi kabla sijaanza kugombana na watu. Hata nilipoona akaunti yako imeingia kwenye mfumo, nilijiambia ni ile kazi ya kunakili data uliyoipanga ijifanye yenyewe. Nilicheka peke yangu. Nikasema, Mzee bado yuko kazini.

Haikuwa wewe. Alikuwa Chebet, karani wa zahanati, yule msichana wa sauti ndogo uliyekuwa ukimwita "mwalimu" kwa sababu ya miwani yake. Akaunti yake inamruhusu kufungua faili la mgonjwa mmoja mmoja tu. Ulipolazwa Longisa mfumo ulimkatalia kitu, foleni ikiwa imefika nje, akakupigia simu. Ukampa paswedi yako ukiwa kitandani. Amenionyesha ujumbe wako: "Tumia yangu kwanza, wagonjwa wasikae." Ulipofariki hakuna aliyemwambia aache. Wa kumwambia nilikuwa mimi.

Nimekukasirikia, sitakuficha. Miaka mitano unanihubiria kwamba paswedi hapewi hata mke, halafu unaitoa kwa simu kama mtu anayeelekeza duka! Na papo hapo nakuelewa, na hapo ndipo panaponiuma. Mimi nimezaliwa kambini humu shambani, mtoto wa mchuma chai. Kule ukisafiri kwenda msibani unamwachia jirani ufunguo, na asiyeacha anasemwa ana maringo. Wewe nyumbani kwako Litein uliishi hivyohivyo, jirani akiingia kuchukua jembe bila kubisha. Lakini ufunguo jirani anaurudisha. Paswedi ikishatoka, imetoka.

Ijumaa saa sita mchana Chebet aliingia kwa jina lako akatoa orodha ya wafanyakazi wanaomeza dawa za TB. Nia yake ilikuwa nzuri. Alitaka kuituma kwenye grupu la manyapara, ili watu hao waruhusiwe kutoka shambani Jumatatu wakachukue dawa. Kidole kiliteleza. Akaituma kwenye grupu la mazishi yako.

Bado lipo, Mzee. Hakuna anayetoka. Nani anataka simu iwatangazie watu wote kwamba fulani amekuondokea? Kwa hiyo kambi nzima imo mle, na wachungaji, na watu wa kiwandani, na shemeji zako wa Kipkelion, na hapo juu picha yako ukiwa na koti la kijivu. Chini ya picha yako yakaanguka majina kumi na tisa na ugonjwa wao. Yalikaa dakika nane kabla hajayafuta. Kambini dakika nane ni nyingi mno.

Saa nane nikaifunga akaunti yako. Sikulia. Nililia jana.

Jana asubuhi nilikwenda kambini. Kuna mama mmoja, Mama Atieno, aliyewahi kuchuma mstari mmoja na mama yangu. Nilimkuta kwenye bomba la maji. Unajua foleni ya bomba Jumamosi ilivyo, watu wanasukumana na ndoo wakitupiana maneno. Jana walimpisha. Wote walisogea nyuma, kimya, wakamwachia bomba lote. Alijaza ndoo yake taratibu bila kuinua uso, kisha akaniona. "Akinyi," akaniambia, "si mlituambia hiyo kompyuta iko na kufuli?" Nilimbebea ndoo mpaka mlangoni, na hakunikaribisha ndani.

Jioni meneja akapiga simu. Alikuwa mpole sana. "Andika ni karani," alisema. "Mzee amelala, mwache apumzike. Na wewe ndiyo unaanza, usijiharibie." Chebet anasomesha wadogo zake wawili. Akiandikwa peke yake, atakuwa nje kabla ya wiki kuisha. Na nikuambie ukweli wote: nilianza kuandika hivyo. Nilifika mstari wa sita. Ilikuwa rahisi kuandika, hata Kiingereza kilinijia vizuri. Kisha nikakumbuka ule uso kwenye bomba, nikafuta yote, nikazunguka chumba mpaka jirani akagonga ukuta.

Leo baada ya kanisa nilikwenda kwa mama watoto wako. Niliona si haki asikie jina la mumewe kwenye midomo ya watu. Alinimiminia chai ya maziwa, akanisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika birika. Nilidhani atanifukuza. Akacheka, Mzee. "Huyo angeachia watu hata ufunguo wa choo," akasema. "Nilimwambia miaka yote." Halafu kicheko kikageuka, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Alipotulia akasema, "Andika. Lakini andika pia alikuwa mgonjwa, na alikuwa anafikiria foleni." Nimeandika. Sentensi hiyo iko vilevile, sikuipamba.

Kongoi, asante, kwa kila kitu. Kwa kuniajiri wakati wengine walisema msichana wa kambini atajua nini kuhusu kompyuta. Kwa kunikalisha saa nzima siku niliyotaka kuacha kazi, ukinimenyea machungwa bila kuniuliza lolote. Sijapata mtu wa kumpigia simu ninapokwama. Juzi nilibonyeza namba yako kabla sijakumbuka.

Sijui kesho watanifanya nini. Labda nitapewa onyo, labda nitaambiwa nirudishe funguo za ofisi. Lakini jambo moja nimeshaamua, na ninakuahidi: nikitoka kwa meneja, niwe na kazi au sina, nitakwenda kwenye ile milango kumi na tisa kwa miguu yangu. Sitatuma barua ya kampuni. Nitaanza kwa Mama Atieno. Nitamwambia nani alichelewa, nami nitasimama nje mpaka aseme anachotaka kusema, hata akinitukana.

Saisere, Mzee. Lala salama huko kwenye udongo wako wa Litein. Ukurasa wa pili wa ripoti una majina matatu, kila mmoja na alichofanya. Chebet nimemweka wa mwisho. Wewe uko katikati. Langu liko juu, ili atakayetaka kulaumu aanze na mimi.

Wako,
Akinyi