Plastiki ya Elia Madirishani

Jumatatu, 12 Januari
Nimefuta madirisha tena kabla ya chai. Taulo mbili zimelowa. Maji mengine yako nyuma ya plastiki iliyobandikwa dirishani, sifiki. Mbao za chini zinaota kuvu nyeusi. Tumemzika mume wangu Elia Jumamosi na nyumba bado imejaa wageni wa msiba, waliotoka miji ya Louisville na Columbus. Maharage jikoni tangu alfajiri. Nawapenda. Nimechoka nao.

Jumatano, 14 Januari
Binti yetu Neema ameamka akikohoa, kifua kinapiga filimbi. Ana miaka sita. Muuguzi wa kliniki ameuliza kuhusu kuvu. Nikasema ipo. Akasema nyumba ipate hewa haraka, la sivyo mtoto atalazwa.

Hewa itapita wapi? Elia aliziba madirisha yote kwa plastiki Oktoba, baridi isiingie. Hata tundu la feni bafuni. Kama alivyoziba kibanda chetu kwenye kambi ya wakimbizi, upepo usituingie. Alishika utepe wa gundi kwa meno, akanung'unika wimbo wa kwaya. Kwenye kona moja alama ya dole gumba lake imebaki kwenye utepe.

Alhamisi, 15 Januari
Shemeji Yohana, mdogo wake Elia, amekuja na kisu kubandua plastiki. Nikasimama mbele ya dirisha.

"Shemeji, watu kumi na wawili wanapumua humu, na sufuria halina mfuniko. Hata mimi ningekuwa dirisha ningetoka jasho," akasema.

Mama mkwe akacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi sikucheka. Nilimwambia Yohana asiguse kazi ya kaka yake. Ameondoka bila kula. Nina hasira, sijui na nani.

Ijumaa, 16 Januari
Neema hawezi kumaliza sentensi bila kukohoa.

Nimebandua mwenyewe. Mama mkwe alimfunika mtoto blanketi mbili, nami nikaanza na bafu. Baridi ikaingia kama mtu mwenye haraka. Ile kona niliiacha mwisho. Utepe ulichanika katikati ya alama ya dole. Plastiki yote ilinuka uozo. Nimeitupa pipani, nikalia palepale kwenye theluji.

Jumatatu, 19 Januari
Tumeondoa matanga jana. Wageni wamerudi kwao.

Neema amelala hadi saa mbili asubuhi. Hakukohoa. Kioo kikavu. Naona barabara mpaka kwenye kona, na jirani anakwangua barafu kwenye gari lake. Chumba kina baridi. Nimevaa koti, nimekaa karibu na mtoto.