Mjane mwenye mashine ya kahawa

Nashipae, uko? Nimejifungia chooni hapa hotelini kwenye mkutano.

Ile ripoti yangu ya mradi wa maji, ya wafadhili. Nilifuta majina ya wote niliowahoji, nikakagua mara tatu. Unanijua.

Lakini niliacha hii: "mjane anayewamenyea majirani kahawa kwa mashine yake."

Mwenyekiti wa mradi ameisoma kwa sauti mbele ya wageni. Akatabasamu. "Kijiji chote cha Nkoaranga, mjane mwenye mashine ni mmoja. Kumbe Mama Elirehema ndiye anasema nauza maji ya watu?"

Watu wakacheka. Nashipae, wamecheka!

Halafu akaniinamia sikioni, taratibu kabisa: "Asante, mtaalamu. Umenirahisishia kazi." Akamwita dereva wake, wakaondoka.

Umenirahisishia kazi. Na mimi ndiye nilimwambia yule mama, ongea tu, hakuna atakayejua ni wewe. Akanifungia na ndizi za kwenda nazo.

Nimempigia karibu saa nzima. Sasa hivi ndiyo kapokea, kwa furaha kabisa:

"Karibu mwanangu! Nimeona gari linapanda huku kwangu. Si ni wewe?"